Moyo wa mwana una tundu, ni lazima apasuliwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Lamu na Malindi

Mimi ni mama wa hapa Langoni, Lamu. Mwanangu alizaliwa na shida ya moyo inaitwa PDA, akafungwa kwa katheta Nairobi akiwa na mwaka na nusu, kifua chake hakikuguswa na kisu. Tangu tulivyorudi simu haziishi, kuna wa Faza, wa Mpeketoni, wa Malindi, na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyakusanya hapa na majibu niliyoyapata kwa kuuliza madaktari miaka yote hii na kusoma sana. Mimi si daktari. Mwanao akiona daktari wa moyo wa watoto akasema kitu tofauti na hapa, msikize yeye maana yeye ndiye amemuona.

## Mambo ya mwanzo

1. Hii katheta si ndio ule mpira wa mkojo?

Jina ni moja, kazi ni mbali. Katheta ni mpira mwembamba tu wa kupitisha kitu mwilini. Huu wa moyo ni mwembamba zaidi na mrefu, unaingizwa kwenye mshipa wa damu, mara nyingi hapo kwenye kinena, unapanda na mshipa mpaka ndani ya moyo bila kufungua kifua.

Lakini wanaouliza hivi hawajakosea sana, maana mtu wa kwanza kujulikana kwa kuufikisha moyoni, daktari Mjerumani Werner Forssmann, mwaka 1929 alichukua mpira wa kazi ya njia ya mkojo, akaupenyeza kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe kama sentimita 65, kisha akashuka kwa miguu mpaka chumba cha eksirei apigwe picha aonyeshe umefika. Mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

2. "Tundu kwenye moyo" ni nini hasa, na limetoka wapi?

Watu husema tundu kwa kila kitu, na hapo ndipo tunapopotea, kwa sababu shida ni nyingi na kila moja ina dawa yake. Moyo una vyumba vinne, viwili juu viwili chini, na ukuta katikati. Tundu likiwa kwenye ukuta wa juu linaitwa ASD, likiwa wa chini VSD. PDA nayo si tundu la ukuta, ni kimshipa kinachounganisha mishipa miwili mikubwa nje ya moyo. Mtoto tumboni hapumui, kwa hivyo damu inapitia hapo kuruka mapafu, akizaliwa kinatakiwa kijifunge ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Cha mwanangu hakikufunga. Halafu kuna ambao hawana tundu lolote, ni valvu, yaani mlango wa damu, umebana, ama mshipa mkubwa umenyongeka mahali.

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, kama mmoja hivi huwa na shida ya moyo, ndogo au kubwa, dunia nzima. Mara nyingi hakuna sababu inayojulikana, mama hakukosea chakula wala hakubeba ndoo nzito. Ziko chache zinazojulikana, mfano mama akipata rubela mimba ikiwa changa mtoto anaweza kuzaliwa na PDA au valvu iliyobana, na ndio moja ya sababu chanjo ya surua siku hizi inakuja pamoja na ya rubela, kwetu Kenya tangu 2016.

3. Nitajuaje ni moyo, si kifua tu?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipopoteza miezi mitano. Kliniki moja nilikompeleka mwanangu nilipewa dawa ya kifua mara nne, mara nne! na hakuna aliyemuwekea kile kipimo cha kusikiza moyo akatulia dakika moja. Mimi mwenyewe nilikuwa naona ananyonya kidogo anaacha, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso utadhani ametoka kukimbia, kisha analala njaa anaamka analia. Uzito haupandi. Mbavu zinaingia ndani akipumua. Homa ya mapafu inapona inarudi.

Hizo ndizo dalili za damu kujaa kwenye mapafu: jasho akinyonya, kuhema, kutonenepa, kifua kisichoisha. Kuna kundi lingine la watoto ambao midomo, ulimi na kucha zinakuwa rangi ya zambarau, hasa wakilia, hao hawangojei kliniki ya mwezi ujao, hao ni hospitali leo. Mtoto mweusi angalia ulimi na ndani ya mdomo, usiangalie ngozi. Na wengine hawana dalili yoyote, daktari anasikia tu mvumo kwenye moyo, ingawa mvumo peke yake si lazima iwe ugonjwa, watoto wengi wazima wanao.

Kinachotoa jawabu ni eko, yaani picha ya moyo kama ile ya mimba, haiumi, haina eksirei. Omba eko. Usione haya kuomba.

4. Mavyaa anasema ni jicho, tumpeleke kwanza akasomewe?

Asomewe, kwani kuna ubaya gani, sisi pia tulimsomea na kombe alikunywa. Lakini asomewe huku ameshapelekwa eko. Kisomo hakigombani na hospitali. Kinachogombana na hospitali ni kungoja, na kwa nini kungoja ni hatari nimeeleza kwenye swali la 20. Kuchanja kifua kwa wembe hapana kabisa, vidudu vikiingia kwenye damu vinaweza kukaa pale moyoni penye hitilafu.

## Ipi ya katheta, ipi ya kisu

5. Ni shida zipi zinazotibika kwa katheta bila kupasua?

PDA ndiyo ya kwanza. Sikuhizi nyingi sana zinafungwa hivi, na kwa watoto njiti vipo vifaa vidogo vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa mtoto wa kuanzia gramu 700, sijui kama unaipata hiyo picha, mtoto mwepesi kuliko kilo ya unga.

ASD ya katikati ya ukuta, ile wanaiita sekundamu, nayo inafungwa kwa katheta ikiwa pembeni yake umebaki ukuta wa kutosha wa kushikilia kifaa. Kwa kawaida hawana haraka nayo, husubiri mtoto afike miaka mitatu minne hivi, isipokuwa inamsumbua.

Valvu ya kwenda mapafuni ikiwa imebana, hiyo inapanuliwa kwa puto. Wanaingiza katheta yenye puto limekunjwa, likifika pale linajazwa, valvu inaachia, puto linatolewa, hakuna kinachobaki ndani. Hii ndiyo tiba ya kwanza duniani kote sasa, ilianza 1982 Baltimore kwa mtoto wa miaka minane. Valvu ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, nayo hupanuliwa hivyo hivyo ingawa ni kazi nyeti zaidi. Mshipa wa aota ulionyongeka, kwa watoto wakubwa wanaweza kuweka stenti, kile kibomba cha waya, ila kwa mtoto mchanga mara nyingi upasuaji ndio unaopendelewa kwa sababu stenti haikui na mtoto.

6. Wangu ana VSD, mbona huyu ameambiwa angoje na yule ameambiwa apasuliwe?

Kwa sababu VSD inategemea ilipo na ukubwa wake. Ndogo nyingi, hasa zile za kwenye nyama ya ukuta, hujifunga zenyewe mtoto akikua, kazi yenu ni kliniki na eko. Kubwa inayomfanya ahema na asinenepe hufungwa, na mara nyingi kwa upasuaji. Kuna VSD zinazofungwa kwa katheta, lakini zile zilizo karibu na valvu ziko jirani na njia ya umeme wa moyo, kifaa kikiibana hiyo njia mapigo yanaweza kuharibika mpaka mtoto ahitaji betri ya moyo. Kwa hivyo daktari akikwambia "hii siifanyi kwa katheta" hajakunyima kitu, amekulindia mwanao.

7. Na zipi lazima kisu?

Tetralojia ya Fallot (wale wanaogeuka zambarau), mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi, tundu kubwa la katikati la AVSD, ASD zilizo pembezoni mwa ukuta, na VSD nyingi kubwa. Hizi dawa yake ni upasuaji, na upasuaji wake unafanya kazi vizuri, nimewaona watoto wa Fallot wanacheza mpira leo. Naomba sana msiukimbie upasuaji kwa kutafuta katheta ambayo haipo kwa ugonjwa huo. Mzazi mmoja alizunguka mwaka mzima akitafuta mtu wa kumwambia waya utatosha.

Ila hata kwa hawa katheta husaidia njiani. Mtoto mwenye mishipa iliyobadilishana akizaliwa, wanaweza kupitisha puto na kupanua tundu la ukuta wa juu makusudi, ili damu safi ichanganyike aishi mpaka siku ya upasuaji. Hiyo ilianza Philadelphia mwaka 1966. Na kuna wachanga ambao maisha yao yanategemea ile PDA ibaki wazi, hao wanapewa dripu ya kuizuia isifunge na wengine huwekewa stenti ndani yake. Yaani kitu kile kile tulichokwenda kukifunga kwa wangu, kwa mwenzake wanakishikilia kisifunge. Ndio maana nasema jina la ugonjwa ndilo la kwanza kulijua, liandike kwenye karatasi kama lilivyo kwenye ripoti ya eko, usiseme tu tundu.

8. Kama katheta inawezekana, kwa nini ni bora kuliko kupasua?

Kwa sababu ya kupona. Kwenye upasuaji wa kufungua moyo kifua kinafunguliwa, mashine inachukua kazi ya moyo na mapafu, kisha ICU, kisha wodi, wiki au zaidi, na mfupa wa kifua unahitaji wiki kama sita kukaa sawa. Katheta mara nyingi ni kulala usiku mmoja na kesho yake mnatoka, kidonda ni kama cha kutolewa damu.

## Siku yenyewe

9. Wanafanyaje hasa?

Mtoto anaingizwa kwenye chumba chenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha zinazotembea. Daktari anatoboa mshipa kwenye kinena kwa sindano, anaweka kibomba kifupi, halafu waya mwororo, halafu katheta juu ya waya. Anapima presha ndani ya moyo na mapafu, anapiga rangi ionekane njia ya damu, anapima tundu, ndipo anachagua kifaa.

Kifaa cha kufunga kimefumwa kwa nyuzi za madini ya nikeli na titaniamu, na sifa yake ni kwamba yanakumbuka umbo lake. Kinavutwa kiwe chembamba kama uzi kikaingia ndani ya katheta, kikitokea upande wa pili kinafunguka chenyewe. Cha ASD ni visahani viwili vilivyoungana katikati, kimoja kinakaa upande huu wa ukuta na kimoja upande ule, kama vile vifungo vya kanzu vinavyopita kwenye tundu. Cha PDA ni kama kizibo. Damu inaganda juu yake, kisha ngozi ya ndani ya moyo inakiotea, baada ya miezi sita hivi kinakuwa kimefunikwa. Mimi huwaeleza wazee wa hapa kwamba ni kama fundi anavyotia kalafati kwenye jahazi, wanaelewa mara moja, tofauti ni kwamba huku mbao zinaiotea kalafati.

Kabla ya kukiachia wanapima kwanza kwa eko na rangi. Kikikaa vibaya wanakirudisha ndani ya katheta wanaanza tena. PDA ya kawaida ni kama saa moja, ASD moja mpaka mbili, pamoja na maandalizi mtoto atakutoka mikononi muda mrefu zaidi, jiandae kwa hilo.

10. Atalazwa usingizi?

Watoto wengi ndio, nusukaputi. Kwa hivyo lazima awe na tumbo tupu: kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne, maji saa mbili, lakini fuata saa watakazokupa wao. Mwambieni bibi yake pia, asimpe kipande cha mkate kwa huruma. Akiwa na mafua au homa wataahirisha, msikasirike.

11. Ina hatari gani? Nipe ukweli.

Ukweli ni kwamba ni salama kwa wengi sana na hakuna tiba ya moyo isiyo na hatari kabisa. Kifaa kinaweza kuchomoka kikaenda na damu, mara nyingi wanakinasa kwa katheta nyingine, mara chache inabidi upasuaji. Mshipa wa mguu unaweza kuziba kwa damu iliyoganda, hasa kwa watoto wadogo, mguu unakuwa baridi na mapigo hayashikiki, wanatoa dawa ya kuyeyusha damu. Mapigo ya moyo yanaweza kuyumba. Kunaweza kubaki upenyo mdogo, mwingi hufunga wenyewe baadaye. Maambukizi, aleji ya rangi. Kifo kipo, ni nadra, na kinatokea zaidi kwa walio wagonjwa sana au wachanga sana. Muulize daktari wako, "kwa huyu mwanangu, hatari ni ipi zaidi?" maana jawabu la PDA ndogo ya mtoto wa miaka mitatu si sawa na la valvu ya aota ya mtoto wa wiki moja.

12. Kifaa kitakua naye? Kitalia uwanja wa ndege?

Hakikui, lakini hakihitaji kukua, kwa sababu kimeziba tundu na nyama ya moyo inakua kuzunguka. Stenti ndiyo yenye shida hiyo, itapanuliwa tena akiwa mkubwa. Mashine za uwanja wa ndege kwa kawaida hazilii. Kipimo cha MRI kwa vifaa vingi hivi kinafanyika, ila onyesha ile kadi ya kifaa mliyopewa. Kadi hiyo mpige picha muihifadhi kwenye simu mbili. Mtoto mwenye aleji kali ya nikeli, ile ya kuwashwa na hereni za bei rahisi, daktari aambiwe mapema.

13. Kuna kitu cha nguruwe ndani yake?

Naulizwa kwa sauti ya chini sana hili swali na ni haki ya mtu kuuliza. Kifaa cha kufunga tundu ni madini, na vingine vimetiwa kitambaa cha polista ndani. Hakuna mnyama. Valvu inayowekwa kwa katheta kwa vijana waliopasuliwa zamani, moja inayotumika sana imetokana na mshipa wa shingo ya ng'ombe. Lakini dawa ya kuzuia damu isigande wakati wa kazi yenyewe, heparini, nyingi duniani hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, hilo nakuambia wazi usije ukalisikia baadaye ukaumia. Masheikh niliowauliza walinijibu kwa mlango wa dharura, kuokoa nafsi. Wewe muulize wako kabla ya siku, si ukiwa mlangoni pa thieta.

## Kutoka huku kwetu mpaka huko

14. Naanzia wapi?

Anzia hospitali ya kaunti, King Fahd kwa Lamu, ama hospitali ya Malindi kwa walio huko, upate daktari wa watoto, barua ya rufaa, na eko popote itakapopatikana karibu. Nairobi kuna Mater yenye programu ya moyo ya watoto ya miaka mingi, kuna Kenyatta. Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Bomet kuna Tenwek. Na ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam, kuna taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa 2015, wanafanya katheta nyingi za watoto. Wakati mwingine timu za madaktari kutoka nje huja kwa wiki moja kufanya kazi pamoja na wa hapa, na majina yao huchukuliwa kwenye orodha ya kliniki, kwa hivyo hata ukiambiwa nafasi hakuna, hakikisha jina na namba yako ya simu vimeandikwa, na ukibadilisha laini waambie.

15. Pesa je?

Sitaandika bei kwa sababu inatofautiana hospitali kwa hospitali na kifaa kwa kifaa, na kifaa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama. Omba makisio kwa maandishi, uone kama kifaa kimo ndani au kinahesabiwa peke yake. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Jiandikishe mapema, lipa mchango, na mtoto awe ameingizwa chini yako. Wengi wanakwama hapo kwa sababu mtoto hana hata cheti cha kuzaliwa. Kazi kama hii inahitaji idhini ya bima kabla, ofisi ya bima ya hospitali ndiyo inayoituma, ulizia imefikia wapi kila baada ya siku chache. Kinachopungua ni mchango wa familia na msikiti, na usisahau hesabu ya nauli na pa kulala, hiyo imewarudisha watu Mokowe, pale gatini bara.

16. Safari ndefu na mtoto wa moyo, ataweza?

Wengi wanaweza. Boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, halafu treni. Gawanyeni, laleni Malindi au Mombasa kwa jamaa. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye buti la basi. Anayegeuka zambarau, kabla ya kupanda ndege kutoka Manda muulizeni daktari kuhusu oksijeni. Na kwa hao wa Fallot, akishikwa ghafla na kuhema na kuwa zambarau zaidi, mkunje magoti mpaka kifuani, mtulize, na mkimbize hospitali iliyo karibu.

17. Wamesema anenepe kwanza, na hanenepi kwa sababu ya moyo! Nifanye nini?

Najua inavyouma hii. Kwa vifaa vya kawaida vya PDA vituo vingi hupenda mtoto afike kilo tano sita, kwa sababu mishipa ya mguu ni midogo. Lakini daktari akishaona mtoto hapandi kabisa na moyo unachoka, huwa hangoji kilo, anaamua katheta mapema au upasuaji mdogo wa ubavuni. Kwa hivyo usikae nyumbani ukingoja mizani, rudi kliniki kila mwezi. Dawa za kupunguza maji zitolewe kwa saa zake. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, akianza kula uji utiwe mafuta au siagi ya njugu, samaki asagwe vizuri. Wangu alipanda gramu 900 kwa miezi miwili hivyo.

## Mkisharudi nyumbani

18. Siku za mwanzo, dawa na meno

Siku ile ile analala mguu umenyooka saa nne mpaka sita, hapo ndipo utaikumbuka kila hadithi unayoijua. Nyumbani, usimuogeshe kwa kumtumbukiza kwenye maji siku chache, wala baharini. Uvimbe mdogo na rangi ya kuvilia ni kawaida. Damu ikitoka bonyeza kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia. Mguu baridi, uvimbe unaokua, homa, kifua kuuma au kuhema, rudi hospitali.

Wa ASD mara nyingi hupewa aspirini kama miezi sita. Akipata tetekuwanga au homa ya mafua akiwa anaitumia mpigie daktari, zikikutana zinaweza kuleta madhara makubwa. Miezi sita hiyo hiyo, daktari wa meno aambiwe kabla ya kung'oa jino, atapewa antibiotiki kwanza. Na apige mswaki kila siku, vidudu vya meno ndivyo vinavyopenda kwenda moyoni.

19. Ataweza kucheza, kuogelea, kufunga?

Wiki mbili tatu michezo myepesi, wengi huachiwa kila kitu baada ya mwezi au miezi michache. Wangu anaruka gatini na wenzake. Saumu, mtoto mkubwa aliyepona na hana dawa kwa kawaida anaweza, aliye na dawa za kupunguza maji au anayegeuka zambarau asifunge, kukauka maji ni hatari kwake. Kliniki haikomi hata akipona, muda tu ndio unarefushwa.

## Maswali magumu

20. Tumeambiwa "mmechelewa, haifungiki tena". Hili lina maana gani?

Damu nyingi ikipigwa kwenye mapafu miaka na miaka, mishipa ya mapafu inakakamaa, presha ya mapafu inapanda mpaka inashinda ya mwili, na damu chafu inaanza kupita tunduni kwenda upande wa pili. Wanaliita Eisenmenga. Hapo tundu limekuwa mlango wa kupumulia wa moyo, ukilifunga moyo wa kulia unalemewa, mtu anaweza kufa. Kwa hivyo si kwamba wamekataa.

Lakini kabla ya kukubali, uliza kama amepimwa presha ya mapafu kwa katheta, kwa sababu wakati wa kupima humpa oksijeni waone kama mishipa inalegea. Ikilegea, bado kuna mlango kwa baadhi. Isipolegea, kuna dawa za kushusha presha ya mapafu, na watu huishi nayo miaka. Msichana akiwa nayo, mimba ni hatari kubwa sana kwake, aambiwe mapema kwa upole na aambiwe ukweli.

21. Mwanangu wa miaka 12 ameanza sasa, naye alizaliwa nayo?

Huenda, ASD hujificha mpaka ukubwani. Lakini huku kwetu mara nyingi kwa umri huo ni rumatiki, ugonjwa unaoanza na koo kuuma kusikotibiwa, kisha viungo kuuma, kisha valvu kuharibika. Huo si wa kuzaliwa nao. Sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne ndiyo inayouzuia usizidi, usiikatishe. Valvu ya rumatiki iliyobana inaweza kupanuliwa kwa puto, inayovuja huhitaji upasuaji.

22. Mtoto wa Down (aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada) wanamtibu?

Ndio, na yeyote atakayekwambia haina haja mwache aende zake. Kama nusu yao huzaliwa na shida ya moyo, kwa hivyo kila mmoja apigwe eko mapema hata kama hana dalili. Presha ya mapafu kwao hupanda haraka, na AVSD ni ya kupasuliwa ndani ya miezi ya mwanzo.

23. Walijaribu katheta ikashindikana, sasa?

Hutokea. Tundu linaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye eko, ama ukuta hautoshi. Daktari mzuri anakitoa kifaa na kuwapeleka kwenye upasuaji. Siku hiyo haikupotea, vipimo walivyochukua ndani ndivyo daktari wa upasuaji atakavyovitumia, chukueni ripoti na picha zote kwenye diski.

24. Mtoto anayefuata je?

Kwa aliye na mtoto mmoja mwenye shida hii, uwezekano unapanda kidogo, kutoka mmoja kwa 100 mpaka kama wawili au watatu kwa 100. Waambie kliniki ya mimba tangu mwanzo, na kuanzia wiki ya 18 mpaka ya 22 moyo wa mtoto unaweza kuangaliwa tumboni na mtaalamu. Mimi nilienda Mombasa wiki ya 20 kwa wa pili, wakaona vyumba vinne na mishipa miwili mahali pake, nikazaa King Fahd.